Seifu Hakuwa Mkaidi

Mwezi uliopita dada yangu Mwanaidi alimuoza binti yake, Zaina, hapa Kibiti, na miongoni mwa wageni alikuwepo muuguzi mmoja mstaafu ambaye miaka ile sote tulimwita Sista. Tulimkalisha kivulini kwenye kiti cha plastiki, tukampelekea pilau na soda, kwa kuwa ni mtu mzima na alikuja kwa mapenzi. Alikula vizuri. Alipokwisha kunawa alimtazama bibi harusi kwa mbali, akaniambia: "Mtoto kafanana na baba yake. Baba yake alikuwa mtu mzuri, lakini mkaidi. Tulimwambia wazi kwamba pombe na dawa havikai tumbo moja. Hakusikia." Nilikuwa na sahani mkononi. Niliiweka chini polepole. Mimi si mtu wa makelele. Natengeneza redio na simu, na mengine yote ninayoyajua nimeyapata kwa kusoma peke yangu, nikirudia ukurasa mpaka uniingie. Nimezoea kutafuta mahali waya ulipokatika kabla sijalaumu betri. Sikumjibu yule mama siku ile kwa sababu ilikuwa harusi. Namjibu hapa. Seifu alisikia. Alisikia kila neno, akalitii kama lilivyosemwa, na utii huo ndio uliomuua.

Mwaka ninaouzungumzia ni ule dawa za kurefusha maisha zilipoanza kutolewa bure huku kwetu. Daraja la Rufiji lilikuwa limekwisha kufunguliwa, malori ya magogo yanapita mchana kutwa, na mji ulikuwa umejaa watu waliokuwa matajiri tangu juzi. Soko huria, walisema. Kila mwenye lori au mashua alikuwa mkubwa wa mtu fulani. Nilikuwa kijana, nimekuja kujifunza ufundi, na nililala ukumbini kwa dada, kwenye vyumba viwili nyuma ya soko. Ukumbi ule ulinuka risasi ya kuchomelea upande wangu na nazi iliyokunwa upande wa dada, aliyekuwa akipika vitumbua vya kuuza asubuhi. Chumbani juu ya kabati, nyuma ya Msahafu uliofungwa kwa kitambaa cha kijani, vilikaa vikopo viwili vyeupe vya dawa, kimoja chake na kimoja cha mumewe Seifu. Walikuwa wamepima pamoja na kukutwa na virusi wote wawili. Zaina, ambaye wakati huo alikuwa ndio kwanza anajua kutembea, alipimwa akakutwa hana, na tangu siku hiyo dada aliishi kwa shabaha moja tu: mtoto huyu akue na wazazi wawili. Alimeza asubuhi kabla ya kuwasha jiko na jioni baada ya swala, bila kukosa, kama mtu anayelipa kodi ya nyumba.

Seifu alikuwa mkata boriti. Alifanya kazi kwa mfanyabiashara mmoja wa mikoko, mtu aliyekwisha kuhiji, ambaye vibarua wake walimwita Tajiri tu. Alikaa delta wiki kadhaa, akarudi nyumbani siku chache, akaondoka tena. Na alikunywa. Hili lilijulikana mtaa mzima na halikusemwa na mtu yeyote. Nataka msomaji wa mbali aelewe kuhusu mji wetu: ni mji wa Waislamu, na katika mji wetu hakuna anayekunywa. Uraka wa mabibo unakamuliwa kila msimu, gongo inapikwa nyuma ya nyumba zinazojulikana, wanaume wanatoka huko macho mekundu, na bado hakuna anayekunywa. Mtu akiyumba njiani, watu husema ana malaria. Shangazi yetu mmoja alikuwa akimsalimia Seifu jioni, "Pole na homa, baba," na Seifu anaitikia, "Nimeshapoa, shangazi." Nilipokuwa kijana niliona ni heshima. Sasa naiona kama mlango uliofungwa nyumba ikiwa inaungua.

Kliniki tuliyokuwa tukienda siitaji. Benchi la kusubiri lilikuwa barazani, limebanana, na meza ya Sista ilikuwa hapo hapo, hatua chache kutoka kwa wanaosubiri. Kila mgonjwa alitakiwa kuja na mtu wake wa karibu. Siku moja nilikwenda nao kumbeba Zaina, nikasikia jinsi mambo yalivyokwenda. Sista aliuliza bila kuinua macho, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita majina. "Sigara?" "Situmii." "Pombe hunywi, eh?" Pale benchini alikuwepo mwadhini wa msikiti wetu, kaja na mkewe. Walikuwepo majirani wawili. Seifu akasema, "Sinywi, Sista." Sista akamgeukia dada. "Mama, hanywi?" Mwanaidi akajifunika mtandio vizuri, akasema, "Hanywi." Ndipo Sista akatoa hotuba yake kwa benchi zima, na naikumbuka kwa sababu ilikuwa ile ile kila mara: "Haya basi. Dawa hizi hazitaki mchezo. Pombe na dawa havikai tumbo moja. Ole wake nitakayesikia anachanganya." Watu wote wakaitikia kwa kichwa. Hakuna aliyeuliza swali, maana kuuliza kungekuwa kukiri. Tulirudi nyumbani tukala wali na kisamvu, na Seifu akamchekesha mtoto kwa kuigiza sauti ya Sista. "Ole wake!" alimwambia Zaina, akimnyooshea kijiko. "Ole wake anayechanganya!" Dada hakucheka.

Ilipofika kiangazi Seifu alisahau kikopo nyumbani. Ndivyo dada alivyodhani. Alinipa kikopo, mkate wa kumimina uliofungwa kwenye gazeti, na maagizo: "Mpe mkononi mwake. Mwone anameza, mdogo wangu, mwone kwa macho yako." Nilipanda lori mpaka Mbuchi, nikapata mashua ya mashine iliyokuwa inapeleka unga kambini, upande wa Kiongoroni. Ndani ya mashua hiyo, kati ya magunia, palikuwa na madumu mawili ya manjano. Nahodha aliponiona nayatazama akasema, "Hayo maji ya Tajiri. Usiyakalie, yanachoma." Nilielewa nilipofika. Kazi ya boriti hufanywa maji ya bahari yakitoka, watu wakiwa ndani ya tope hadi magotini, mbu wakiwanyonya mchana kweupe, na mti wa mkoko ni mzito kuliko unavyodhani. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayeamka siku ya tatu na kurudi mle kwa hiari. Tajiri alilijua hilo. Kwa hiyo kila mashua ya unga ilileta na gongo, bure, kikombe asubuhi kabla ya kuingia na vikombe jioni bila mwisho. Mwenyewe hakugusa. Mjini alivaa kanzu iliyopigwa pasi na alikuwa ametoa mabati ya kuezekea msikiti. Nimesoma mengi tangu wakati ule kuhusu namna watu wanavyofanyishwa kazi duniani, na sijaona pahali palipoelezwa kwa ufupi kama madumu yale mawili yalivyoeleza.

Nilimkuta Seifu amekaa kwenye dungu, jukwaa la miti lililoezekwa makuti, wenzake wanachoma kaa. Walinikaribisha kwa kelele. Nilimwita pembeni kumpa kikopo, lakini kambini hakuna pembeni. Mbaraka, mwenzake wa siku nyingi, mtu wa maneno, akapaza sauti: "Bwana mdogo, umepoteza nauli yako! Shemeji yako kafunga." Nikauliza kafunga nini. "Saumu ya vidonge!" Wote wakaangua kicheko. "Huyu ni mcha Mungu wa dawa, akinywa hamezi. Na kwa kuwa anakunywa kila siku, ndugu yangu, Ramadhani yake haina Idi." Seifu naye alicheka, akawaambia waende zao, kisha akanieleza kwa upole kama mtu anayemfundisha mtoto kutawadha. "Wewe unajua, mtu akilewa, swala yake haipokelewi siku arobaini. Ndiyo maana mimi nikinywa, msikiti nauheshimu, naukaa mbali mpaka mwili utakate. Na dawa ni hivyo hivyo. Sista kasema havikai tumbo moja. Nikiimeza juu ya pombe nitaiharibu, au itaniua. Kwa hiyo nasubiri. Zikipita siku mbili tatu sijanywa, namwambia Mungu bismillahi, nameza." Nilimuuliza ni lini mara ya mwisho zilipita siku mbili tatu. Alifikiri. Kisha akasema kwa fahari ambayo bado inanichoma: "Lakini kuchanganya, shemeji, sijachanganya hata siku moja. Kamwambie dada yako. Hata siku moja."

Kikopo cha nyumbani hakukisahau. Kile alichokwenda nacho safari iliyotangulia kilikuwa bado kimejaa, kimetundikwa kwenye mfuko wa plastiki juu ya dungu, pasipofikiwa na maji, na ndani ya mfuko huo huo ilikuwepo mipira ya kiume aliyopewa kliniki, haijafunguliwa. Nilimwuliza kuhusu hiyo pia, kwa maana wanawake waliokuja kupika kambini walikuwa wanalala palepale. Aliangalia pembeni. "Nikiwa mzima nakumbuka," alisema. "Nikishakunywa hata jina langu silikumbuki, sembuse mpira." Hayo ndiyo maneno ya kweli kuliko yote niliyoyasikia mwaka ule kuhusu ugonjwa ule, na hakuna karatasi ya kliniki iliyokuwa na nafasi ya kuyaandika, kwa sababu karatasi ilikuwa imeshajazwa: hanywi.

Nilipomweleza dada, alikuwa anakuna nazi. Hakusimama. Alikuna mpaka kifuu kikaanza kutoa vumbi jeusi kwenye ile nazi. Akasema, "Miezi yote hii nawaambia watu hanywi. Kwa hiyo nani angemweleza afanye nini akinywa?" Kisha akainuka, akaitupa mbuzi ya kukunia ukutani. Siku iliyofuata alituma ujumbe kwa nahodha kwamba mtoto anaumwa, Seifu arudi. Mtoto hakuwa anaumwa. Aliyerudi ndiye alikuwa anaumwa: Seifu alishuka kutoka kwenye lori amekonda, anakohoa, suruali ameifunga kwa kamba ya katani.

Kule kliniki tulikuta daktari kijana, mgeni, aliyekuwa na tabia ya kufunga mlango. Nilimshika Seifu bega kumwingiza, na hakuna aliyenifukuza, basi nilibaki. Daktari hakuuliza kama Seifu anakunywa. Aliuliza, "Mara ya mwisho umekunywa lini?" kama mtu anayeuliza umekula nini asubuhi. Seifu alimtazama mkewe. Mwanaidi alikuwa anatazama sakafu. Seifu akasema, "Juzi, daktari. Lakini juzi sikumeza. Mimi sichanganyi." Daktari akaacha kuandika. "Nani kakwambia usimeze?" "Sista." "Sista kakwambia usimeze?" "Kasema havikai tumbo moja." Kijana yule alishika paji la uso. "Sikiliza, kaka. Meza. Umekunywa kikombe, meza. Umelewa umelala kwenye tope, mwenzako akuamshe umeze. Dawa ukiiacha leo na kesho, wadudu wanaizoea, halafu haifanyi kazi tena. Pombe inakuumiza, ndiyo, na inakusahaulisha, na tutaipunguza. Lakini dawa usiiache kwa ajili ya pombe. Iache pombe kwa ajili ya dawa, na hata ukishindwa, bado meza." Seifu alikaza kamba ya suruali yake. Nilidhani hakuelewa. Kisha akasema polepole, "Kwa hiyo zile siku zote…"

Miezi iliyofuata aliipunguza kweli, na ninaieleza kwa sababu kuna watu hadi leo wanasema mlevi hawezi. Daktari alimwonya asikate ghafla, maana mwili uliozoea hivyo unaweza kutetemeka na kuzirai. Alimpa mambo madogo: ale kwanza ashibe, aachane na gongo, anywe maji katikati, asiende kwa watu wanaojaza kikombe kabla hakijaisha, na watu wawili wajue ukweli wa kila siku. Wawili hao tulikuwa mimi na dada. Kutoka gongo alihamia tembo la mnazi, chupa moja, analinywea nyumbani uani kwetu, mlango wazi, jambo lililowafanya majirani wageuze nyuso zaidi kuliko alipokuwa akilewa mafichoni. Jioni alimeza kwanza, ndipo akakaa na chupa yake. Kisha zikaja siku ambazo chupa ilibaki nusu, na siku ambazo haikununuliwa. Alianza kunisaidia kufungua redio. Alikuwa na mikono mizuri isipokuwa asubuhi.

Tajiri hakupenda kumkosa mkataji wake. Ijumaa moja alipita nyumbani akielekea msikitini, kanzu nyeupe, manukato, akaacha mfuko mweusi mlangoni: "Zawadi ya mgonjwa, kumchangamsha." Mwanaidi aliufungua, akaunusa, akatoka nao barazani. Njia ilikuwa imejaa wanaume wanaokwenda kuswali. "Alhaji!" aliita. "Alhaji, umesahau mzigo wako!" Tajiri akageuka. "Upeleke ndani, mama, ni wa mumeo." "Hapana, baba, huu wako, unanuka kambi yako. Utauingizaje msikitini mimi sijui, labda uuweke juu, kwenye yale mabati." Mtu mmoja alicheka, akaigeuza ikawa kikohozi. Tajiri aliuchukua. Asingeweza kuuacha chini mbele ya watu.

Ningependa kuandika kwamba Seifu alipona. Alikuwa anastahili. Lakini dawa alizozifungia saumu, mdudu alikuwa amekwisha kuzizoea, na aina nyingine ambayo ingemfaa ilikuwa bado haijafika huku; ilikuwa Dar es Salaam, na Dar es Salaam walisema asubiri. Kifua kikuu hakikusubiri. Alifariki akiwa anameza kila asubuhi na kila jioni, mzima wa akili, hana harufu ya kitu kinywani. Watu waliokuwa wakimpa pole ya homa kwa miaka walikuja wote kuzika.

Siku ya hitima wanaume tulikaa kwenye mikeka uani, na dada akiwa ndani katika eda, dirisha likiwa na pazia. Wakataji wenzake walikuwepo, wameoga, wamevaa kofia. Tajiri alikuwa mbele, amechangia mchele. Shehe, mzee mpole ambaye sina ugomvi naye, akamsifu marehemu kama ilivyo desturi. "Tunamjua ndugu yetu. Hakuwa mtu wa mambo ya mjini. Kinywa chake hakikujua kilichoharamishwa." Tajiri akaitikia, "Amina." Tukaitikia sote, na katika mwitikio huo nilisikia sauti ya dada yangu kutoka nyuma ya pazia, kavu, haina kilio.

"Shehe, unisamehe. Mume wangu alikuwa anakunywa."

Sauti ikaendelea. "Alikunywa maji ya Tajiri, na Tajiri huyo hapo mkekani. Na kila alipokunywa aliacha dawa, kwa sababu aliambiwa asichanganye na hakuna aliyethubutu kuuliza, hata mimi mkewe. Nyinyi mliokaa hapo mnaokunywa, mnajijua. Mnaomeza, mnajijua. Mezeni hata mkiwa mmelewa. Halafu mpunguze hiyo pombe, maana ndiyo inayowasahaulisha. Nimemaliza."

Shehe alifungua dua ya mwisho haraka kuliko kawaida. Watu walitafuta viatu vyao wakiwa wameinamisha vichwa. Ndani nilimsikia shangazi akilia: "Umetuvua nguo, mwanangu! Umetuvua nguo mbele za watu!" Na dada akimjibu, "Nani alikuwa amevaa, shangazi?" Tajiri aliondoka bila kuaga. Nilibaki kukunja mikeka, nikiwa na hasira iliyotaka mtu wa kumpiga, na hapakuwa na mtu wa kutosha.

Jua lilikuwa bado juu nilipomwona Mbaraka amerudi. Alizunguka nyumba kwa upande wa choo, akasimama chini ya dirisha la eda, akakohoa kidogo. Hakuniona, au aliniona hakujali. Alikuwa amenywa, alishika ukuta kwa kiganja chote.

"Shemeji," alinong'ona. "Shemeji Mwanaidi. Ni mimi Mbaraka."

"Nakusikia."

"Na mimi ninavyo. Vidonge. Viko kwa mama yangu." Akageuka kutazama njia. "Hata leo? Maana leo nimeshakunywa."

"Hata leo," alisema dada yangu. "Nenda sasa hivi."

Mbaraka aliachia ukuta, akasimama mpaka miguu ikatulia, akaenda.